Ndoo ya Nyumba Namba Kumi na Saba

Surabaya, 3 Machi 2008

Mwanangu Wening,

Usishtuke kuona mwandiko wangu badala ya wa mama yako. Bi Tumirah ni mzima. Anafagia mlangoni kwake kila asubuhi, anagombana na muuza tofu, na anajifanya kiziwi pale tu anapotaka. Nakuandikia kwa sababu ukipiga simu pale dukani kichochoro kizima kinatega sikio, na haya si ya kichochoro kizima.

Ulipoondoka kwenda kazini ng'ambo, huko Taichung, takataka zetu zote zilikuwa zinatupwa kwenye mkokoteni mmoja na habari ikaishia hapo. Sasa mambo yamebadilika. Tangu mwaka jana wanawake wa Kichochoro cha Tano tumeungana na idara ya bustani ya jiji. Sisi tunakusanya mabaki ya jikoni na kuyaozesha mpaka yawe mboji. Wao wanaichukua kwa bustani zao, na wametupatia mapipa, makoleo, na kipimajoto kirefu kama mkuki. Kila nyumba ina ndoo yake ya kijani. Kile kibanda cha walinzi kando ya mto ndicho nyumba yetu ya mboji, na mimi Kasiyati, mjane mwenye goti bovu, ndiye mkuu wake. Cheka tu, najua unacheka.

Nyumba ni sitini na nne, na kila asubuhi mikono yangu inapita katika ndoo zote. Siri haina pa kukaa, mwanangu. Najua nani ana mimba kabla mumewe hajajua, kwa maganda ya embe bichi tu. Najua nani anajigamba kwa nyama na kumbe wiki nzima ni tempe, soya tupu.

Sasa nikuambie ndoo ya kumi na saba. Mama yako anaishi peke yake, na meno yake unayajua. Chakula chake ni wali laini na mchuzi. Lakini ndoo yake inatoka na mabaki ya watu wawili. Vichwa vya samaki vimefyonzwa mpaka vimekuwa vyeupe. Vikonyo vya pilipili mbichi, saba au nane kwa mlo mmoja. Mifupa ya kuku imevunjwa kwa meno. Huyo ni mwanamume, na bado kijana.

Nilimuuliza. "Dada Tum, una mgeni?"

"Mgeni gani? Nani anikumbuke mimi?"

"Pilipili zote hizi unakula wewe?"

Akaninyang'anya ndoo huku akicheka. "Kas, siku hizi umekuwa askari wa maganda."

Nilikaa mkabala na mlango wake siku tatu, asubuhi mpaka magharibi, nikijifanya nachambua majani. Hakuingia mtu wala hakutoka mtu. Na ndoo ikaja vilevile.

Kama kuna mtu umemtuma akae naye, niambie tu, sitauliza zaidi. Mwanangu Jarot anakusalimu. Aliniandikia mwezi uliopita kutoka Samarinda, kazi inakwenda vizuri.

Mimi,
Kasiyati


Taichung, 16 Machi 2008

Mama Kas, shikamoo.

Barua yako nimeisoma bafuni, maana ndiko pekee mzee ninayemtunza asikoniita. Nimefurahi kusikia una kazi ya heshima. Kucheka nilicheka, usiniombee mabaya.

Kuhusu mama, sijamtuma mtu. Lakini nakuomba, Mama Kas, usimchunguze. Tangu ile meli izame na tukamzika Galih, mama amekuwa na mambo yake. Hukumbuki mwaka ule wa kwanza alivyokuwa akipakua sahani ya mdogo wangu na kuiweka mezani? Labda anapika kwa ajili ya kumbukumbu, halafu paka wanaingia. Paka wanavunja mifupa pia. Mwache tu. Miaka tisa si mingi kwa mama aliyempoteza mwanawe wa kiume. Chukua ndoo, mimina, usiangalie.

Kitu kimoja kimenishangaza. Jarot amekuandikia? Lini hasa? Mwandiko ni wake kweli, una hakika? Sina maana yoyote, nauliza tu, kwa kuwa tulikua pamoja na sijasikia habari zake siku nyingi.

Jitunze goti.

Wening


Surabaya, 29 Machi 2008

Mwanangu,

Paka hawali pilipili.

Ningefanya ulivyosema, nimimine nisiangalie, lakini mboji yenyewe imekataa. Nikueleze ili ujue sisemi hovyo. Lundo likiwa zima, ndani lina joto la kuunguza. Ukilifunua asubuhi linatoa mvuke kama sufuria, na ukiacha mkono humo, hesabu hadi tano utautoa mwenyewe. Tuna malundo matano. Lundo la tatu ndilo linalopokea ndoo za nyumba ya kumi hadi ishirini. Limepoa. Kipimajoto kinaonyesha joto la hewa tu, kana kwamba tumekichomeka kwenye mchanga. Nikaongeza majani makavu, nikaongeza maji ya molasi, nikapindua mara mbili. Baridi.

Basi nikaanza kutenga ndoo moja moja katika makarai, kila nyumba na karai lake. Siku ya nne makarai yote yalikuwa yananuka na yana funza, kama inavyotakiwa. La kumi na saba lilikuwa na pande mbili. Uji wa mama yako ulikuwa umeoza. Yale mabaki mengine hayakuguswa. Nzi hatui. Funza wanakwenda mpaka ukingoni mwake wanageuka. Leo ni siku ya ishirini, Wening, na zile punje za wali alizobakiza huyo mtu ni nyeupe kama zilizotoka jikoni sasa hivi. Nimeonja moja. Usiniulize kwa nini. Haina ladha yoyote, hata ya chumvi.

Bwana Harsoyo wa idara ya bustani anakuja tarehe ishirini mwezi ujao kukagua malundo. Wakiridhika tunaendelea miaka mitatu. Wasiporidhika wanachukua vifaa vyao, na sisi wanawake kumi na wawili tunaofanya kazi hii tunarudi kukaa vibarazani. Kwa hiyo usiniambie nifumbe macho.

Jana baada ya adhuhuri nilikwenda kwa mama yako na bakuli la mchuzi wa fenesi kama kisingizio. Nilisimama dirishani kwanza. Nilisikia sahani mbili, mwanangu. Ukiwa jikoni miaka arobaini unajua sauti ya sahani moja na ya mbili. Nikabisha na kuingia palepale, sikungoja aitikie. Mama yako alikuwa amekaa upande huu. Upande wa pili kulikuwa na sahani iliyokwisha kuliwa, na kiti kimesogezwa nyuma kama mtu anavyokisogeza akiinuka. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani.

"Umechelewa," mama yako akaniambia. "Ameshaondoka." Kisha akafunga mdomo kwa kiganja kama mtoto aliyetoboa siri.

Nikakishika kile kiti. Kilikuwa baridi, na si ule ubaridi wa kiti kisichokaliwa.

Na kwa nini unauliza mwandiko wa Jarot?

Kasiyati


Taichung, 11 Aprili 2008

Mama Kas,

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana mara tatu. Ukimaliza kusoma ichome, hata usiiweke kwenye hilo lundo lako.

Galih hakufa.

Hakupanda ile meli. Alinipigia simu mwezi mmoja baada ya mazishi, wakati mama bado hawezi kusimama bila kushikwa. Alikuwa ng'ambo, huko Sabah, analia, anasema asiambiwe mtu. Jina lake lilikuwa limeshasomwa redioni na kaburi limeshafukiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilifikiri, mama ameshamlia, akimlilia mara ya pili kwa aibu ya kusikia kwamba alitoroka itamuua. Nikanyamaza. Kila mwaka kunyamaza kulikuwa kunakuwa kazi nyepesi zaidi.

Kwa hiyo huyo anayekula kwa mama ni yeye. Hana budi kuwa yeye. Amerudi kwa siri na mama anamficha, pengine darini. Hayo mambo ya wali usiooza sijui, labda mama anaweka dawa ya mende. Nakupigia magoti, Mama Kas, usiwaambie wanakichochoro. Watu walichanga sanda, walisoma hitima siku saba. Wakijua, mama hatakuwa na uso wa kutoka nje.

Tuliyemzika ni mtu mwingine. Sitaki kuandika zaidi.

Wening


Surabaya, 23 Aprili 2008

Wening,

Sijaichoma. Nimeikunja ndani ya mto wangu.

Umeniambia la kwako, nami nikuambie la kwangu, maana tumekuwa tukidanganyana kama watoto. Huyo anayekula si Galih. Nimejua ni nani tangu siku ya kwanza, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Kwenye ndoo huwa kuna ganda la ndizi. Limemenywa kuanzia chini, likachanwa vipande vitatu, na vipande vikafungwa fundo. Nimefagia mafundo hayo sakafuni kwangu miaka kumi na minane. Nilimchapa kwa ajili ya mafundo hayo, nikamcheka kwa ajili ya hayohayo. Hakuna mtu mwingine duniani anayefunga ganda la ndizi fundo ila Jarot wangu.

Na Jarot hajawahi kuniandikia. Hata mstari. Samarinda ni neno nililolisikia redioni. Watu walikuwa wakiniuliza, nami nikawapa salamu zake, kila Sikukuu salamu, mpaka nikazoea. Aliondoka kwa hasira na kosa ni langu. Nilichomwambia mlangoni siku ile sitakiandika. Hata kitambulisho chake alikiacha kabatini, nami nikasema moyoni, aliyeacha kitambulisho atarudi.

Kwa hiyo nilipoona fundo kwenye ndoo ya mama yako, nilifikiri amerudi na anajificha kwa jirani kwa sababu hanitaki. Niliona wivu, Wening. Mama yako anampikia samaki, na mimi napokea mifupa.

Juzi alipokwenda sokoni nilichukua ngazi nikapanda dari yenu. Vumbi la dari ni kama unga uliochekechwa. Hakuna alama ya mguu, hakuna hata ya panya.

Bwana Harsoyo alikuja Jumapili. Alichomeka kipimajoto katika lundo la tatu, akakitazama, akakipangusa kwa shati, akachomeka tena. Akaniuliza, "Mama, humu mmezika nini?" Alikuwa anatania. Niliona nywele za mkono wake zimesimama. Ametupatia muda mpaka mwisho wa Juni.

Sasa nisikilize. Kama Galih yuko hai, basi wiki ile ya meli alikuwa na Jarot. Walikuwa pua na mdomo, hakuna aliyekwenda mahali bila mwenziwe. Mpigie. Muulize mwanangu yuko wapi. Usiniletee maneno ya paka.

Kasiyati


Taichung, 6 Mei 2008

Mama Kas,

Ukae kwanza. Kama jirani yako Bi Ngatmi yuko karibu, mwite akae nawe.

Nimempigia Galih. Yuko Tawau, kulekule Sabah, amepokea mwenyewe, nyuma yake nilisikia mashine za mbao. Hajakanyaga Surabaya tangu mwaka 1999. Nilipomwambia kuna mtu anakula kwa mama akauliza, "Anafunga maganda?" Sikuwa nimemwambia habari za maganda.

Nitakueleza kama alivyonieleza mwaka ule, na nisamehe kwamba nimelijua hili siku zote. Walipanga kwenda Kalimantan pamoja kwa ile meli, lakini tiketi ilipatikana moja, ya Galih. Kufika bandarini Galih aliogopa. Anasema aliiona ile meli ilivyoinama kwa uzito na miguu ikagoma. Jarot alikuwa amekuja kumsindikiza tu. Akamwambia, "Nipe mimi. Mimi siwezi kurudi nyumbani mikono mitupu." Hakuwa na kitambulisho, kwa hiyo Galih akampa chake, pamoja na koti lake, kwa kuwa kitambulisho kilikuwa kwenye mfuko wa ndani. Walicheka. Jarot alipunga mkono akiwa juu akaita kwa sauti, "Kwaheri, Jarot!" Kwa kuwa yeye sasa ndiye Galih.

Bahari ilimtoa siku ya sita. Unajua hali ya mtu wa siku sita majini. Kulikuwa na koti na kitambulisho, hapakuwa na uso. Wewe mwenyewe ulikuja kumsaidia mama kukata sanda.

Mama Kas, Jarot ndiye tuliyemzika. Ulipoandika kwamba ananisalimu kutoka Samarinda, nilitupa barua sakafuni. Nilifikiri marehemu anaandika. Wewe ulifikiri aliye hai anajificha, mimi nikafikiri ni ndugu yangu, na kumbe sote wawili tulikuwa tunamsema yeye.

Sijui ni nani anakula kwa mama yangu. Najua, lakini sijui.

Sistahili kuomba chochote. Naomba tu unijibu.

Wening


Taichung, 2 Juni 2008

Mama Kas,

Wiki nne hakuna barua. Nimepiga simu dukani. Wanasema nyumba ya mboji ilifungwa siku tisa na ndoo zilikaa milangoni zikinuka, na kwamba umeonekana ukiingia kwa mama asubuhi na kutoka jioni, mkiwa hamwongei na mtu. Mwenye duka anasema kuna siku ilisikika sauti ya chungu kuvunjika. Aliniuliza kama kuna msiba.

Nitukane ukitaka. Lakini niandikie.

Wening


Surabaya, 20 Juni 2008

Wening,

Sitakutukana. Nilikuwa na matusi, yamekwisha, nimemtolea mama yako yote.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kwa kuwa wewe uliniambia nikae. Nikavuka kichochoro nikiwa nayo mkononi. Mama yako alikuwa anapalia makaa. Aliniangalia usoni mara moja tu akaweka kipepeo chini.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya arobaini."

"Miaka tisa?"

"Miaka tisa, Kas. Kila siku baada ya adhuhuri. Mwezi wa Ramadhani anakuja magharibi." Alisema hivyo kama anamsifu.

"Na ulijua ni nani?"

"Mama asijue mwanawe anavyokula? Galih wangu pilipili moja anatokwa machozi. Samaki alikuwa anabakiza kichwa. Siku ile ya kwanza niliweka sahani kwa kumkumbuka, nikaenda kuchota maji, niliporudi sahani ilikuwa tupu na ganda la ndizi lina fundo. Nikakaa chini palepale. Nikajua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, wangu hakufa."

"Na la pili?"

Mama yako akatazama mlangoni. "La pili lilikuwa limekaa pale nje kibarazani kwake, linachambua mboga, linangoja barua."

Hapo ndipo chungu kilipovunjika. Nilikirusha ukutani, na kama si ukuta ningekirusha kwake. Nilimwambia mambo ambayo mwanamke hamwambii mwanamke mwenziwe. Hakujitetea. Nilipoishiwa pumzi akasema polepole, "Sikujua Galih yuko wapi. Hakuna aliyeniambia, hata Wening hakuniambia. Habari yangu ilikuwa ni ile sahani. Kila Jarot alipokula, nilijua wangu anapumua mahali fulani. Ningekuambia, ungemwita akaenda kwako, na mimi ningebaki bila habari. Niliiba, Kas. Najua nilichoiba."

Kwa hiyo ujue, mwanangu, mama yako hakuhitaji ukimya wako. Wewe ulinyamaza ili asilie, yeye akanyamaza nisijue, na mimi nikasema uongo ili watu wasinihurumie. Sasa amejua Galih yuko Tawau na anapasua mbao. Amelia siku mbili.

Nikamuuliza swali moja tu kabla ya kuondoka siku ile. "Anashiba?"

"Anashiba," akasema. "Sikumpunja hata siku moja."

Tukaenda kwa imamu wote wawili. Kile kibao cha kaburi kimeng'olewa, na kipya kina jina la mwanangu na la baba yake. Hitima imesomwa kwangu, siku saba, kichochoro kizima kimejaa, na nimewaambia watu yote, pamoja na Samarinda. Bi Ngatmi alinishika mkono akasema walikuwa wanajua siku nyingi kwamba hakuna barua, maana anayeleta barua ni shemeji yake. Miaka tisa wananiitikia tu, "Mwambie naye tunamsalimu."

Lundo la tatu sikukubali liende kwenye bustani za watu. Bwana Harsoyo alipokuja nilimwambia ukweli, kwamba lile limeshindikana na lina mwenyewe. Hakuniuliza ni nani. Alipima manne yaliyobaki, yote yalikuwa yanachoma, akatupatia miaka yetu mitatu. Wanawake wote kumi na wawili tulilibeba lile kwa makarai mpaka makaburini tukalitandaza juu yake. Wali ulikuwa bado mweupe. Asubuhi yake nilikwenda peke yangu, na udongo ulikuwa udongo tu, mweusi, una joto.

Nilifikiri basi, amepumzika. Lakini kesho yake ndoo ya kumi na saba ikaja, na ganda lenye fundo ndani.

Mama yako akaniambia, "Labda kwa sababu hitima zote za mwanzo zilisomwa hapa. Amezoea njia." Alitaka kunifariji. Mimi nilijua sababu. Nilikuambia sitaandika nilichomwambia mlangoni siku ile, nami sasa naandika. Nilimwambia, "Toka, na usiikanyage nyumba hii mpaka uwe na kazi." Hajapata kazi, Wening. Angeipata wapi? Alikuwa mtoto asiyesikia neno langu hata moja, na hilo ndilo alilolishika.

Jana nilioga, nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda kwa mama yako saa sita na nusu. Aliniachia kiti chake akatoka kukaa uani. Nikakaa mbele ya ile sahani. Samaki, wali, pilipili nane, ndizi. Sikuona mtu. Chakula kilikuwa kinapungua kama maji kwenye mtungi unaovuja. Huoni yakipungua, unaona tu yamepungua. Baridi ilinifika magotini. Nikasema tu, "Jarot. Nilikosea. Nyumba ni yako, uwe na kazi usiwe na kazi. Haya, twende nyumbani."

Kiti cha upande wa pili kikakwaruza sakafu.

Nikainuka nikatoka. Sikugeuka nyuma, niliogopa, si kwamba ningemwona, niliogopa kutomwona. Jua lilikuwa la utosi na kichochoro kitupu, watu wote wamelala. Katikati ya njia walikuwa wamejilaza kuku wa Bi Ngatmi, sita au saba, wametandaza mabawa kwenye vumbi. Waliponiona wakainuka kwa uvivu, wakagawanyika huku na huku, nikapita. Nikawasikia wakirudi kulala. Nikahesabu hatua tatu, nne.

Kisha nikawasikia wakiinuka tena, wanapisha.

Kasiyati

Mwambie Galih simtaki mbele ya macho yangu mwaka huu. Mwakani aje. Mama yake hana mtu wa kula naye.